Diski Ipo, Seva Inasema Haipo

Mafundi wa kompyuta wamelizoea swali hili. Mtu amenunua seva iliyokwisha kutumika Ulaya, zile ambazo madukani Nairobi huitwa “ex-UK”. Bei ni nzuri, chuma ni kizima, kumbukumbu ni tele. Diski zilizokuja nayo, kama zilikuja, ni ndogo na zimechoka. Basi ananunua diski mpya ya kisasa, anaichomeka, anaanza kusakinisha mfumo kutoka kwenye flashi. Mambo yanakwenda vizuri: programu ya usakinishaji inaiona diski, inataja ukubwa wake, inanakili mafaili hadi mwisho. Anachomoa flashi, anawasha upya. Skrini inakaa nyeusi kwa muda, kisha inaandika kwamba hakuna diski ya kuanzia.

Iweje diski iliyoonekana dakika tano zilizopita isionekane sasa?

Jibu fupi ni kwamba walioulizwa ni wawili tofauti. Kilichoiona diski mara ya kwanza ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia mashine, kama vile Linux au Windows. Kinachoikana sasa ni programu nyingine, ndogo na kongwe, iliyochomwa kwenye chipu ya seva tangu kiwandani, wakati diski hiyo mpya haijabuniwa. Mfumo endeshi unasasishwa kila mwezi. Programu ya chipu huenda ilisasishwa mara ya mwisho kabla mtengenezaji hajaacha kuishughulikia seva hiyo kabisa.

Sura hii inahusu namna ya kuizunguka hiyo programu ya pili, na pia mahali ambapo haizungukiki.

Sekunde za mwanzo

Seva ni kompyuta iliyojengwa kufanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya kompyuta nyingine: kutunza mafaili ya ofisi, picha za kamera za ulinzi, hesabu za duka, tovuti. Lakini inapoingia umeme, nayo huanza na kichwa kitupu kama kompyuta yoyote. Kumbukumbu haina kitu. Prosesa haijui diski iko wapi wala inasomwaje.

Kinachoamka kwanza ni BIOS, jina la programu iliyomo kwenye chipu ya mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote. BIOS hukagua kumbukumbu, feni, kibodi na kadi. Kwenye seva ukaguzi huu huweza kuchukua dakika kadhaa, na mtu aliyezoea laptop hudhani mashine imekwama. Ukiisha, BIOS hutafuta mahali pa kuanzia. Mafundi huita hatua hii kubuti: kuutoa mfumo endeshi ulikohifadhiwa na kuuweka kwenye kumbukumbu ili uanze kazi.

Namna inavyofanya ni ya kizamani hasa. BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, sekta ikiwa ni kile kipande kidogo kabisa ambacho diski husoma kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida baiti 512. Kisha huangalia baiti mbili za mwisho. Zikiwa ni 55 na AA kwa hesabu ya mashine, huiamini sekta hiyo, huipakia na kuikabidhi usukani. Sekta hiyo inaitwa MBR. Mpangilio huu ulikuja mwaka 1983 pamoja na DOS 2.0 na kompyuta ya IBM PC XT, ambayo diski yake ilikuwa ya megabaiti 10. Katika baiti hizo 512, programu yenyewe imetengewa 446 tu, idadi ndogo kuliko herufi za aya hii. Baiti 64 ni jedwali la vigawanyo vinne vya diski, na mbili ni ile alama.

Baiti 446 haziwezi kuendesha kitu kikubwa. Kazi yake ni kuita programu nyingine kubwa kidogo, kianzishi, na kwenye Linux kianzishi kinachojulikana zaidi ni GRUB. Hicho nacho hupakia kiini cha mfumo endeshi. Mpaka hapo kila kinachosomwa kutoka kwenye diski kimesomwa kwa msaada wa BIOS. Kiini kikishaamka, hupakia draiva zake chenyewe, yaani programu ndogo ambazo kila moja inajua kuzungumza na aina fulani ya kifaa. Kuanzia dakika hiyo, BIOS haiulizwi tena habari za diski.

BIOS ni kama bawabu aliyepewa orodha ya wageni miaka mingi iliyopita na hakuletewa nyingine: asiyemo kwenye orodha hapiti getini, hata kama wenyeji ndani wanamfahamu vizuri. Ndiyo sababu programu ya usakinishaji iliiona diski. Ilibutiwa kutoka kwenye flashi, kifaa ambacho BIOS inakijua, kisha ikatumia draiva zake kuitazama diski mpya.

*Kwa ufupi: seva haihitaji kuijua diski yote. Inahitaji kujua kusoma mahali pa kuanzia, na mahali hapo si lazima pawe kwenye diski hiyo.*

Kuta zilizowahi kugongwa

Tatizo hili si geni. Tangu miaka ya tisini, karibu kila ukubwa wa diski ulipopanda, kompyuta za jana zilishindwa kuuona.

Ukuta wa kwanza uliosumbua wengi ulikuwa kwenye megabaiti 528. BIOS ilikuwa ikiitafuta data kwa namba tatu: silinda, kichwa na sekta. Kwa upande wake BIOS iliweza kuhesabu silinda 1,024 na sekta 63. Kanuni ya diski za wakati huo, kwa upande mwingine, iliruhusu vichwa 16 tu. Zidisha: 1,024 mara 16 mara 63 mara baiti 512 ni baiti 528,482,304. Kila upande peke yake ungeweza kufika mbali zaidi. Walipokutana, kila mmoja alimbana mwenzake.

Jawabu la wakati huo lilikuwa la kijanja. Kampuni ya Ontrack ilitengeneza programu iitwayo Disk Manager, na watengenezaji wa diski wakawa wanaitoa pamoja na bidhaa zao. Ilijiandika mwanzoni mwa diski, mahali ambapo hata BIOS kongwe ingeweza kufika. Mashine ikiwaka, yenyewe ndiyo iliyopakiwa kwanza, ikachukua nafasi ya taratibu za BIOS za kusoma diski, kisha ndipo ikauita mfumo endeshi. Karibu kila mbinu inayotumika leo kwenye seva kuukuu ni mtoto wa mbinu hiyo.

Baadaye ukaja ukuta wa gigabaiti 8.4, kikomo cha zile namba tatu hata zikitumika zote. Mwaka 1999 baadhi ya BIOS za kampuni ya Award zilikuwa zikiganda zinapokutana na diski iliyozidi gigabaiti 33.8, na watengenezaji wakaweka jampa, kile kipini kidogo cha kuunganisha nukta mbili, ili diski idanganye kuwa ni ndogo. Mnunuzi alilipia gigabaiti 40 akatumia 32. Ukafuata ukuta wa gigabaiti 137, kwa sababu anwani za diski ziliandikwa kwa biti 28. Kanuni ya ATA-6 ya mwaka 2002 ikaziongeza kuwa biti 48.

Na ule wa terabaiti 2.2 ndio unaowakuta wengi hadi leo. Jedwali la MBR huandika anwani kwa biti 32. Sekta za baiti 512 zikihesabiwa kwa biti 32 zinafika baiti 2,199,023,255,552, basi. Kinachozidi hapo hakina namba ya kukitajia.

Kukataliwa si kwa aina moja

Fundi mzuri haanzi na dawa, huanza kwa kuuliza ni nani hasa aliyekataa. Watu wengi hupoteza siku nzima wakihangaika na kianzishi kumbe diski haikupata hata umeme.

Aina ya kwanza ni hiyo ya umeme, na mfano wake ni wa ajabu kidogo. Kanuni ya SATA, njia ya kawaida ya kuunganisha diski na kompyuta, katika toleo lake la 3.3 la mwaka 2016 ilibadilisha kazi ya pini ya tatu kwenye plagi ya umeme ya diski. Zamani pini hiyo ilipitisha volti 3.3 ambazo karibu hakuna diski iliyozihitaji. Sasa ni amri: ikipata umeme, diski inazima. Diski mpya yenye uwezo huo ikichomekwa kwenye seva inayotoa volti 3.3 hapo, haizunguki kabisa. Wanaokutana nalo sana ni wale wanaofungua diski za nje ili wachukue diski iliyomo ndani. Dawa yake ni kipande chembamba cha utepe unaostahimili joto, kinachobandikwa juu ya pini, au adapta ya umeme isiyopitisha volti hizo.

Aina ya pili ni sekta zenye ukubwa usiotarajiwa. Kwenye soko la mitumba zipo diski za SAS, aina ya diski za seva, zilizotolewa kwenye makabati makubwa ya kuhifadhia data ya kampuni kama EMC na NetApp. Ni nzima, ni rahisi, na kwenye seva ya kawaida hazifai kitu, kwa sababu sekta zake ni za baiti 520: 512 za data na 8 za kuhakiki data hiyo. Hizi hutibika. Kwenye Linux ipo programu ya sg_format inayoipanga diski upya kwa sekta za 512. Inachukua saa nyingi, inafuta kila kilichomo, na umeme ukikatika katikati diski inaweza kubaki nusu nusu, haisomeki hadi kazi ianzwe upya. Pasipo na betri ya akiba, ni heri kusubiri siku ambayo umeme umetulia.

Zipo pia diski mpya za sekta za baiti 4,096 ambazo hazijifanyi kuwa za 512. BIOS ya zamani haibuti kutoka kwenye hizo, na kidhibiti cha zamani, yaani ile kadi inayosimama kati ya diski na seva, huenda kisizitambue hata kwa kuhifadhia data. Lebo ya diski huandika 4Kn. Zinazoandikwa 512e hazina shida, maana ndani ni 4,096 lakini nje zinajibu kama za 512. Mnunuzi akiikariri tofauti hii moja ataokoa fedha.

Aina ya tatu ni ya kibiashara tu. Mwaka 2010 Dell ilitoa vidhibiti vya PERC H700 na H800 vilivyokuwa vikizikataa diski zisizo na programu ya Dell ndani yake. Diski ile ile, kutoka kiwanda kile kile, ilikubaliwa ikiwa na nembo ya Dell na kukataliwa ikiwa haina. Wateja walilalamika kwa sauti kubwa, na mwaka huo huo kampuni ikabadilisha msimamo na kutoa sasisho la kuondoa kizuizi. Kwa hiyo anayenunua seva ya umri huo na kukuta diski zimezuiwa, la kwanza ni kusasisha programu ya kidhibiti.

Halafu kuna vidhibiti ambavyo havina dawa. Kadi nyingi za seva za mwaka 2007 hadi 2010 zilijengwa juu ya chipu ya LSI SAS1068E, na Dell PERC 6/i ilikuwa na ukomo kama huo: hakuna diski inayozidi terabaiti 2.2. Si suala la MBR hapa. Ni kadi yenyewe isiyoweza kuhesabu zaidi, na hata Linux mpya kabisa haitaona kilichozidi. Ushauri wa kuaminika ni kununua kadi ya kizazi kilichofuata, yenye chipu ya SAS2008, ambayo kwa mtumba si ghali.

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, basi, ni vizuri kujua haya:

- Je, diski inazunguka au inapata joto? Kama haifanyi lolote, tatizo ni umeme.
- Je, Linux iliyobutiwa kutoka kwenye flashi inaiona, kwa ukubwa wake kamili? Kama inaiona, kazi inawezekana. Kama haioni, au inaona terabaiti 2.2 kati ya 4, chunguza kidhibiti.
- Je, lebo inasema 512, 512e, 520 au 4Kn?
- Je, seva ina BIOS tu, au ina UEFI pia?

UEFI ni mrithi wa BIOS. Intel ilianza kuibuni mwishoni mwa miaka ya tisini kwa ajili ya seva za Itanium, na tangu 2005 inasimamiwa na umoja wa kampuni nyingi. Haisomi sekta ya kwanza kijinga. Inajua mafaili na vigawanyo, na inatumia jedwali jipya la GPT ambalo halina ukuta wa terabaiti 2.2.

Watu hudhani kwamba asiye na UEFI hawezi kutumia GPT. Si kweli kwa Linux. BIOS haijali jedwali ni la aina gani ilimradi ile sekta ya kwanza ina 55 na AA. Diski ya terabaiti 4 ikipangwa kwa GPT, ikatengewa kigawanyo kidogo cha megabaiti moja kwa ajili ya GRUB, inabuti kwenye seva ya BIOS ikiwa kidhibiti kinaiona. Windows ndiyo yenye masharti: hiyo hubuti kutoka kwenye GPT pale tu penye UEFI.

Kisanduku cha HP na diski ya tano

Kama kuna seva moja iliyowafundisha watu wa kawaida elimu hii, ni HP ProLiant MicroServer Gen8 ya mwaka 2013. Ni kisanduku kidogo kinachotosha juu ya meza, kimya, chenye nafasi nne za diski mbele. Ilipendwa majumbani na kwenye ofisi ndogo, na bado inapendwa.

Juu ya zile nafasi nne kuna uwazi mwembamba uliokusudiwa kisomea DVD, na ndani ya mazabodi kuna tundu la SATA la kukihudumia. Wanunuzi waliona fursa. Nani anatumia DVD? Weka hapo SSD, diski ndogo isiyo na sahani za kuzunguka, iwe ya mfumo endeshi, na nafasi zote nne zibaki za data. Umeme wa uwazi huo unatoka kwenye plagi ndogo ya pini nne, ya aina iliyotumika zamani kwa visomea vya disketi, kwa hiyo inahitajika adapta. Hakuna gumu.

Siku ya kwanza inabuti vizuri. Mwenye seva anafurahi, anachomeka diski zake nne za data, anawasha, na mfumo haupatikani.

Sababu ni kwamba BIOS ya Gen8, kidhibiti kikiwa katika hali ya kawaida iitwayo AHCI, inazichukulia diski zote kama kundi moja na kubuti kutoka kwenye ya kwanza inayoikuta. Inahesabu kuanzia nafasi ya mbele. Ile ya uwazi wa DVD inakuja mwisho, na hakuna menyu ya kuichagua. Nafasi za mbele zilipokuwa tupu, ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Na Gen8 haina UEFI ya kukimbilia.

HP yenyewe iliacha njia moja: kukigeuza kidhibiti chake cha B120i kiwe katika hali ya RAID, mbinu ya kuunganisha diski katika makundi, ambapo kila diski inatangazwa kama kundi la diski moja, na hapo mtumiaji anaruhusiwa kutaja kundi la kuanzia. Inafanya kazi. Lakini RAID hiyo inatendeka kwa programu na inadai draiva maalumu ya HP ambayo haimo kwenye Linux ya kawaida. Kwa anayetumia Linux ya bure, ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine, na zile diski za data nazo zinaingizwa kwenye mpango ambao mashine nyingine huenda isiusome. Njia hii haipendekezwi hapa.

Njia iliyoenea ni ile ya Ontrack katika vazi jipya. Ndani ya Gen8 kuna tundu la USB na nafasi ya kadi ya microSD, vyote kwenye mazabodi. BIOS inavijua vyote viwili na inakubali kuvipa kipaumbele. Hatua ni hizi:

1. Kidhibiti kiwekwe katika hali ya AHCI, na mpangilio wa kubuti uanze na USB.
2. Flashi ndogo, hata ya gigabaiti moja, ichomekwe kwenye tundu la ndani, au kadi ya microSD iwekwe mahali pake.
3. Linux isakinishwe kwenye SSD kama kawaida, lakini programu inapouliza kianzishi kiandikwe wapi, jibu liwe flashi.
4. Flashi ya kusakinishia iondolewe, seva iwashwe upya.

Sasa BIOS inasoma sekta ya kwanza ya flashi, inaikuta GRUB, na GRUB inakwenda yenyewe kwenye SSD kuuchukua mfumo. Hapa BIOS ya Gen8 inaijua SSD na inaweza kuisoma. Ilichokataa ni kuanzia hapo tu. Ndiyo maana GRUB, ambayo bado inasoma kwa msaada wa BIOS, inafanikiwa.

Wapo waliopata taabu kwa kuandika mipangilio ya GRUB kwa mkono na kuitaja SSD kwa namba: diski ya pili, diski ya tano. Namba hizo zinatolewa kila mashine inapowaka, kwa kufuata zilizopo. Ongeza diski moja mbele, na ya pili inakuwa ya tatu. Kigawanyo kitajwe kwa UUID, alama ndefu isiyofanana na nyingine ambayo kila kigawanyo hupewa kinapoundwa, na GRUB itakitafuta popote kilipo.

Tundu la SSD hiyo ni la gigabiti 3 kwa sekunde, nusu ya kasi ya SATA ya kisasa. Inasikitisha kwenye karatasi. Kwa kazi ya mfumo endeshi, ambayo ni kusoma mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, mtumiaji hataona tofauti.

NVMe kwenye seva isiyoijua NVMe

Kanuni ya NVMe, lugha ya diski zinazochomekwa moja kwa moja kwenye njia za kasi za PCIe, ilitoka kwa mara ya kwanza Machi 2011. Seva ya Dell PowerEdge R710 ilikuwa imetoka 2009. R720 ilitoka 2012, ina hata UEFI, lakini UEFI yake haina draiva ya NVMe. Weka diski ya NVMe kwenye adapta, ichomeke kwenye nafasi ya kadi: mfumo endeshi utaitumia kwa kasi nzuri, lakini kubuti kutashindikana.

Hapa ile hila ya Gen8 haitoshi, na wengi hukwama kwa kutoelewa kwa nini. GRUB inayoanza kwa BIOS husoma diski kwa kuiomba BIOS, na GRUB yenyewe haina draiva ya NVMe. Kama BIOS haioni, GRUB pia haioni. Kwa hiyo kinachotakiwa kukaa kwenye flashi si kianzishi peke yake. Ni kigawanyo kizima cha /boot, chenye kiini cha Linux na initramfs, kifurushi cha draiva kinachopakiwa pamoja na kiini. Draiva ya NVMe ikiwemo ndani ya kifurushi hicho, kiini kitaamka kikiwa na uwezo wa kuiona diski na kuendelea nayo.

Matokeo yake ni kwamba kila Linux inaposasisha kiini, inaandika kwenye flashi. Flashi ikiwa imechomolewa siku hiyo, sasisho litaandikwa pengine, seva itaendelea kubuti na kiini cha zamani, na mwenyewe atashangaa baadaye. Kama seva ina tundu la SATA lililo wazi, SSD kuukuu ya gigabaiti 60 ndiyo chaguo zuri kwa /boot kuliko flashi.

Kwa Windows inabidi kitu kizito zaidi. Clover ni kianzishi kilichobuniwa awali na watu waliotaka kuendesha mfumo wa Apple kwenye kompyuta zisizo za Apple. Kinaandikwa kwenye flashi, BIOS inakipakia, nacho kinajenga mazingira ya UEFI juu yake, pamoja na draiva iitwayo NvmExpressDxe. Faili la draiva hiyo likiwekwa kwenye folda ya draiva za Clover, diski ya NVMe inajitokeza kwenye orodha na Windows inabuti ikidhani iko kwenye mashine ya kisasa. Ujumbe wa kosa 0x7B kwenye skrini ya buluu ukionekana baada ya hapo, maana yake kianzishi kimefanikiwa na Windows yenyewe ndiyo isiyo na draiva ya kuifikia diski yake.

Ilikuwepo njia ya mkato. Kadi yoyote inayochomekwa inaweza kubeba kipande chake cha programu ambacho BIOS hukitafuta na kukiendesha wakati wa ukaguzi. Ndivyo kadi za SAS zinavyoweza kubutisha mashine zisizojua SAS. Diski ya Samsung 950 Pro ya mwaka 2015 ilibeba kipande kama hicho, kwa hiyo iliweza kubuti hata kwenye mashine za BIOS tupu. Nyingi nyingine hazina. Ndiyo sababu diski hiyo bado inatafutwa na wenye seva kuukuu.

Wapo pia wanaofungua faili la BIOS, wakapachika draiva ya NVMe na kulirudisha kwenye chipu. Kwenye kompyuta za mezani hilo limefanywa sana. Kwenye seva ni kucheza kamari: chipu ikiharibika mashine haiwaki kabisa, na kuirejesha kunahitaji kifaa cha kuandikia chipu. Flashi yenye Clover ikikosewa, inachomolewa.

*Kwa ufupi: kama BIOS inaisoma diski lakini haitaki kuanzia hapo, hamisha kianzishi. Kama haiisomi kabisa, hamisha kiini pia, au ilete draiva kwa Clover.*

Kuishi na flashi ndani ya seva

Matundu ya USB ya ndani hayakuwekwa kwa bahati. Watengenezaji waliyaweka ili seva ziweze kubuti programu kama VMware ESXi, inayogawa seva moja kuwa nyingi, bila kutumia diski. Mpango huo ulidumu miaka mingi. Kisha ESXi 7, ya mwaka 2020, ikaanza kuandika mno kwenye kifaa cha kubutia, flashi na kadi za SD zikawa zinakufa, na VMware ikaanza kuwaondoa wateja kwenye mtindo huo.

Somo lililomo linahusu kuandika. Flashi inayosomwa mara moja mashine inapowaka, kisha ikaachwa, hudumu miaka. Inayoandikwa kila saa haidumu. Kianzishi kikae humo, /boot ikibidi, na hakuna zaidi. Kumbukumbu za matukio na mafaili ya muda yabaki kwenye diski.

Nakala ya pili ya flashi hiyo iandaliwe siku ile ile ya kwanza. Amri ya dd kwenye Linux inanakili flashi nzima kwenda faili moja, na faili hilo linaandikwa kwenye flashi nyingine kwa dakika chache. UUID zinanakiliwa pia, kwa hiyo nakala haihitaji kurekebishwa, ila flashi hizo zisichomekwe zote mbili kwa wakati mmoja, maana mfumo hautajua ipi ni ipi. Nakala nyingi huishia kubandikwa kwa utepe ndani ya mfuniko wa seva, zikiwa na karatasi yenye tarehe na aina ya mfumo, kwa ajili ya fundi mwingine atakayeifungua seva mwenyewe akiwa safarini.

Jaribio la mwisho lifanywe kwa kuchomoa waya wa umeme, si kwa kuwasha upya kutoka kwenye menyu. Kuwasha upya huacha baadhi ya vifaa vikiwa tayari vimeamka, na kuna flashi zinazochelewa kujibu pale tu mashine inapowashwa ikiwa imezimwa kabisa, BIOS ikazipita na kwenda kwenye diski ya data. Seva ichomolewe, ikae dakika moja, irudishiwe umeme bila mtu kugusa kibodi. Ikishindwa hapo, kwanza ibadilishwe flashi kwa ya aina nyingine, ndipo mipangilio iguswe.